Ballymun: mtaa wa minara saba pale Dublin, na watu walioubeba mabegani (UZI)

#1 Kinondoni Asili

Wakuu, habari za jioni.

Huu ni mwaka wangu wa sita Dublin, na minne kati ya hiyo nimeishi Ballymun, kaskazini mwa jiji, mwendo mfupi tu kutoka uwanja wa ndege. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Nilipopata chumba huku, mwenzangu mmoja kazini, mzaliwa wa upande wa kusini wa jiji, aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na ninachokifanya. Sikumwelewa. Mimi nilikuwa nimeona barabara pana, miti, ukumbi wa sanaa, watoto wametoka mazoezini na jezi zao za kijani. Baadaye ndiyo nikajua kwamba yule dada alikuwa anauogopa mtaa uliokwisha kubomolewa.

Kuna bibi mmoja ninayemhudumia. Huku kila mtu anaitwa jina lake la kwanza hata akiwa na miaka 90, ila mimi mdomo umegoma, namwita Bibi, na yeye ameshazoea. Alihamia Ballymun 1967 akiwa na watoto wawili na mimba ya wa tatu. Mengi nitakayoyasimulia nimeyapata kwake nikiwa namchemshia chai, mengine nimeyatafuta mwenyewe kwa sababu alinitia hamu.

Tuanzie 1963. Katikati ya Dublin wakati huo maskini walikuwa wanaishi kwenye majumba ya ghorofa ya zamani, yaliyojengwa kwa ajili ya matajiri karne mbili nyuma, halafu yakakatwakatwa kuwa vyumba vya kupangisha. Familia ya watu wanane chumba kimoja, choo kimoja uani cha nyumba nzima. Juni 1963, ndani ya wiki mbili, majumba mawili yakaanguka. La kwanza mtaa wa Bolton Street, wazee wawili wakafa. La pili Fenian Street, Juni 12, kuta ziliporomoka barabarani na kuua watoto wawili wa kike, mmoja wa miaka 8 na mwingine 9, waliokuwa wanapita kwenda kununua peremende.

Jiji likashikwa na hofu. Wakaguzi wakaanza kupita nyumba hadi nyumba na familia zikatolewa kwa haraka, wakati pa kuzipeleka hapapo. Waziri wa serikali za mitaa, Neil Blaney, akataka nyumba nyingi, tena upesi. Eneo lilipatikana huku kwetu, kwenye mashamba ya Albert College, chuo cha kilimo kilichoanza 1838. Kabla ya hapo Ballymun ilikuwa mashamba, ng'ombe na njia nyembamba ya kwenda kaskazini. Majengo ya chuo chenyewe yako kusini kidogo mwa mtaa na leo ni sehemu ya chuo kikuu cha DCU.

Mkataba ulisainiwa 1965. Ndani ya miaka kama minne yakasimama majengo 36: minara 7 ya ghorofa 15, majengo 19 ya ghorofa 8, na 10 ya ghorofa 4, pamoja na nyumba za chini mia kadhaa. Jumla makazi zaidi ya 3,000. Wapangaji wa kwanza waliingia 1966, mwaka ambao Ireland ilikuwa inaadhimisha miaka 50 ya mapinduzi ya Pasaka dhidi ya Waingereza. Waliosaini lile tangazo la uhuru la 1916 walikuwa watu saba, na wote saba walipigwa risasi. Kwa hiyo kila mnara ukapewa jina la mmoja wao: Pearse, Connolly, Clarke, MacDermott, MacDonagh, Ceannt, Plunkett.

Nataka mlishike hilo. Mtaa huu ulianza kama heshima ya taifa. Hakuna aliyeujenga kama jalala la watu.

Naendelea kesho, nina zamu ya asubuhi.

#2 Mzee wa Kijiweni

Mkuu umetuacha njia panda. Shusha nondo, tumekaa mkao wa kula.

#3 Fundi Zege

Mleta mada, mimi nipo kwenye ujenzi mwaka wa ishirini na kitu. Makazi 3,000 kwa miaka minne kwa teknolojia ya 1965 si mchezo. Walikuwa wanamwaga zege palepale au vipande vilitoka kiwandani? Na maungio ya kuta waliyaziba vipi? Huko ndiko majengo mengi ya aina hiyo yanapougulia.

#4 Kinondoni Asili

Fundi, umegusa penyewe.

Walitumia mfumo wa Wafaransa unaoitwa Balency. Walijenga kiwanda cha zege hapohapo eneo la mradi, kuta na sakafu zikatengenezwa kama vipande vikubwa, kreni ikavinyanyua na kuvipanga. Na kama ulivyosema, unyevu ulipitia kwenye maungio. Bibi anasema kwenye kona ya chumba cha watoto kulikuwa na doa jeusi alilolisugua kwa miaka ishirini na tano.

Lakini ngoja nikueleze kilichomfurahisha kwanza, maana huwa anaanzia hapo kila mara. Alitoka chumba kimoja mjini. Alipofunguliwa mlango wa fleti yao, ghorofa ya 11, alikuta vyumba vitatu vya kulala, bafu lake, choo chake, maji ya moto bombani. Akaingia bafuni akajifungia, akakaa pembeni ya sinki peke yake, akilia. Hajawahi kuwa na mlango wa kujifungia tangu azaliwe. Dirishani unaona milima ya Wicklow upande mmoja, na upande wa pili bahari hadi rasi ya Howth.

Na joto! Mtaa mzima ulikuwa na nyumba moja ya boila, maji ya moto yanatembea kwa mabomba chini ya ardhi hadi kwenye majengo yote, sakafu zenyewe zinapata moto. Kwa watu waliozoea kugombania ndoo ya makaa ya mawe, hiyo ilikuwa kama ndoto. Watoto walilala sakafuni na nepi zilikaukia sakafuni. Kasoro yake ni kwamba mpangaji hakuwa na swichi ya kupunguza. Joto likija limekuja. Januari, nje baridi inakata masikio, watu madirisha wazi.

Hadi leo, kwenye nyumba yake ya sasa yenye hita za kawaida, nikimsaidia kuamka asubuhi anainama kwanza na kuweka kiganja sakafuni. Kisha ndiyo anavaa ndala. Nilidhani anatafuta kitu kilichodondoka. Nilimwuliza siku moja akacheka, akasema mkono wenyewe ndio unaokumbuka.

Sasa upande wa pili. Ramani ya mwanzo ilikuwa na kituo cha mji: maduka, bwawa la kuogelea, kumbi, viwanja. Watu wakaletwa kwanza, hivyo vingine vikaambiwa vitafuata. Maduka yalichelewa miaka. Maelfu ya watu, wengi wao kina mama vijana wenye watoto wachanga, walikuwa wananunua mkate na maziwa kwenye magari ya wachuuzi yaliyoegeshwa chini ya majengo, kwa bei anayoitaka mwenye gari. Katikati ya mtaa waliweka kipilefti kikubwa chenye njia za kupita chini kwa chini, na ikifika jioni hakuna aliyetaka kupita mle. Kati ya jengo na jengo ni majani matupu na upepo.

Na lifti. Wakuu, ghorofa ya 11, mtoto mgongoni, kigari cha mtoto mkono mmoja, mfuko wa viazi mkono wa pili, lifti imekufa. Bibi anazihesabu ngazi mpaka leo kwa kidole juu ya meza.

#5 Mwana wa Ng'ambo

Ahsante sana kwa mada. Sisi tulokulia kwenye majumba ya Michenzani, hiyo habari ya ngazi na mzigo hatuhitaji tafsiri. Mie swali langu: hao watu walijuana? Maana kwetu korido ndefu vile ilikuwa kama mtaa, mtoto wa jirani akikosea unamtia adabu wewe.

#6 Kinondoni Asili

Walijuana kupita maelezo, ndugu yangu. Kumbuka kila mtu alikuwa mgeni na wote walikuwa na shida moja. Mwenye ghorofa ya 3 alikuwa anamwachia wa ghorofa ya 11 mahali pa kuweka kigari cha mtoto, ili asikibebe hadi juu. Maduka yalipochelewa, kina mama walichanga na kwenda sokoni mjini kwa zamu. Chama cha wapangaji kilianza mapema kabisa kwa ajili ya lifti na mabasi. Wakaanzisha Saccos yao. Mwaka 1973 wazazi walisimamisha shule ya msingi inayofundisha kwa Kiirishi, ikaitwa Scoil an tSeachtar Laoch, yaani Shule ya Mashujaa Saba, kwa wale wa minara. Shule hiyo ipo hadi leo. Lugha ambayo watawala wa Kiingereza waliisukuma pembeni kwa karne kadhaa, ikarudishwa na wapangaji wa fleti za baraza la jiji. Mimi nasalimiana asubuhi na watoto wanaoenda pale, na moyo wangu unafurahi kwa namna ambayo mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili ataielewa.

#7 Kinondoni Asili

Sasa naingia sehemu chungu.

Ireland ina utaratibu wa zamani wa kumwuzia mpangaji wa baraza la jiji (halmashauri) nyumba anayoishi kwa bei nafuu. Lakini utaratibu huo ulihusu nyumba za chini. Fleti hazikuuzwa. Kwa hiyo familia ya Ballymun ikipata kipato kidogo na kutamani kumiliki, njia yake ni moja, kuhama. Waliohama nafasi zao zilijazwa na waliokuwa hawana chaguo: akina mama wanaolea peke yao, watu waliotoka hospitali za magonjwa ya akili, watu waliokuwa wanalala nje. Hao nao walistahili nyumba, tena sana. Ila waliwekwa wote mahali pamoja bila daktari wa kutosha, bila mshauri, bila kazi.

Halafu ikaja ruzuku. Mwishoni mwa 1984 serikali ilitangaza kwamba mpangaji wa baraza akirudisha funguo na kwenda kununua nyumba binafsi, anapewa pauni 5,000 za Ireland. Mtoa wazo aliona anafungua nafasi kwa wahitaji. Fikirini nani anaweza kuitumia ruzuku hiyo. Ni yule mwenye mshahara, anayekubalika benki kwa mkopo. Na mwenye mshahara ndiye mwenyekiti wa chama cha wapangaji, ndiye kocha wa watoto, ndiye mwalimu wa Jumapili, ndiye anayejua kuandika barua kwa baraza. Bibi anasema kwenye ghorofa yake walihama familia tatu ndani ya majira moja ya joto, na kila mmoja aliondoka usiku, kwa aibu ya kuwaaga waliobaki.

Shirika la makazi la Threshold lilifanya uchunguzi na kutoa ripoti 1987 ikionyesha jinsi ruzuku ile ilivyokausha mitaa kama huu. Ikafutwa mwaka huohuo. Waliokwenda walikuwa wameshakwenda. Benki pekee iliyokuwepo ilikuwa imefunga tawi 1984.

Na kuna unga. Heroini iliingia Dublin kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa Ballymun, baada ya vijana watatu kufa, wakazi wenyewe walianzisha Ballymun Youth Action Project mwaka 1981. Angalieni mwaka huo. Serikali ilikuwa bado haijakubali kwamba kuna tatizo, mama za watu walikuwa wameshakodi chumba na kuanza kukaa na watoto wanaoumia. Mradi huo haujafa, nimeshampeleka mtu pale mwenyewe.

Watu walianza kuficha anwani. Kwenye barua ya kuomba kazi unaandika Glasnevin, mtaa wa jirani wenye heshima zake. Upande ule wa mpakani kulikuwa na barabara ikiitwa Ballymun Avenue, wakazi wake wakapiga kura ibadilishwe, ndiyo Glasnevin Avenue ya leo. Naipita kila siku kwenda kazini.

#8 Limerick Bongo

Mkuu naheshimu uzi wako ila mimi nitatofautiana kidogo. Nipo mji wa Limerick miaka tisa. Huku tuna mitaa ya Moyross na Southill, nazo ziliingizwa kwenye mpango wa kujengwa upya tangu 2007. Nyumba za chini zile, zina bustani mbele na nyuma, hakuna lifti wala mnara, na mambo yaliharibika vilevile. Sasa usitwambie ni zege na serikali tu. Kuna watu walichoma nyumba za wenzao. Kuna vijana waliuza unga kwa hiari yao. Tukiwaondolea lawama wote tunawadhulumu wale majirani walioteseka nao.

#9 Kinondoni Asili

Mkuu, hoja nzito, na sina ugomvi nayo. Bibi mwenyewe hamung'unyi maneno kuhusu waliouza unga kwenye ngazi zake. Anawajua kwa majina na majina ya mama zao.

Ila huo mfano wako wa Moyross unanisaidia mimi. Kama mtaa wenye bustani na usio na lifti uliharibika sawa na mtaa wa minara, basi chanzo si mnara. Tafuta kinachofanana kati yake: mtaa mzima wa wapangaji wa baraza, kazi zimekufa, wenye uwezo wamevutwa nje, ahadi hazijaja. Magazeti ya Dublin yalizoea kupiga picha ya minara na kuandika maneno chini yake, kana kwamba zege ndilo lililokuwa linauza unga. Ikawa rahisi watu kuamini kwamba siku minara ikianguka shida itaanguka nayo.

Kuhusu kuwajibika, nakupa mtu mmoja. Philly McMahon, aliyekuwa beki wa timu ya kaunti ya Dublin ya mpira wa Kigaeli (mchezo wa jadi wa Ireland, mpira huchezwa kwa mikono na miguu), amekulia hapa kwenye fleti. Kaka yake alikufa kwa heroini 2012. Nyumba ileile, mama yuleyule, mmoja akabeba kombe Croke Park, uwanja mkuu wa mchezo huo, na mwingine akazikwa. Huyu bwana amelizungumza hadharani bila kumlaani marehemu na bila kumsafisha, na amekuwa akienda magerezani kufanya mazoezi na wafungwa. Kila ninapotaka kuhukumu haraka namkumbuka yeye.

#10 Dada Likoni

Shukran kwa uzi, kaka. Nimesoma yote nikiwa kwa matatu hadi nikapitishwa steji. Sasa hiyo minara ilienda wapi? Na nimesikia watoto wa huko walikuwa wakifuga farasi ndani ya fleti, hiyo ni kweli ama ni hadithi?

#11 Kinondoni Asili

Dada, pole kwa steji.

Farasi ni kweli. Dublin kuna soko la farasi la Smithfield, na miaka ile mtoto wa miaka 12 aliweza kurudi nyumbani na farasi kwa pesa kidogo tu. Uwanja wa majani upo, hakuna wa kuwakataza, basi wakafuga. Waliwafunga kwenye majani kati ya majengo, wengine wakawaficha vibandani na sehemu za chini za majengo. Bibi anasema alishawahi kufungua mlango wa chini usiku akapuliziwa pumzi ya moto usoni, akapiga kelele mpaka mume wake akashuka na ufagio. Mwaka 1996 ilitungwa sheria ya kudhibiti farasi, ikawa lazima leseni, na wengi wakachukuliwa. Najua walikuwepo farasi walioteseka kwa njaa. Lakini najua pia vijana watu wazima wa hapa ambao macho yanawalegea wakimtaja farasi wao, kwa sababu hicho ndicho kiumbe cha kwanza walichokabidhiwa kukitunza.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye sanamu. Nje ya sekondari ya Trinity Comprehensive kuna sanamu ya shaba ya binti wa hapa mtaani, amevaa nguo zake za kawaida za kijana wa Dublin, amekaa juu ya farasi mkubwa bila tandiko. Inaitwa Misneach, maana yake ujasiri. Msanii ni John Byrne, ilizinduliwa 2010. Yule farasi ametolewa nakala kutoka kwenye sanamu ya jemadari wa jeshi la Uingereza, Gough, iliyokuwa Phoenix Park hadi ilipolipuliwa 1957. Farasi wa jemadari wa dola, juu yake amekaa mtoto wa fleti. Jumapili moja niliizunguka kama dakika ishirini. Nyayo za farasi zimenyanyuka kama anataka kuondoka, na binti hajashika chochote kwa nguvu, ameketi tu kama aliyekaa kwao.

Kuhusu minara. Mwaka 1987 wakazi na baraza waliunda kikosi kazi cha makazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya majengo yakakarabatiwa kwa majaribio. Gharama ikaonekana haishikiki. Mwaka 1997 ikaamuliwa bomoa yote, jenga upya, na kampuni ya kusimamia ikaundwa. Pearse ulikuwa wa kwanza kuondoka, 2004. MacDonagh waliuangusha kwa baruti 2005, watu wakaja kuangalia kama mechi. Bibi alikataa kwenda. Anasema vumbi lilifika dirishani kwake lenyewe, hakuhitaji kulifuata. Wa mwisho, Plunkett, ulianza kubomolewa 2015. Mradi mzima ulikula karibu yuro bilioni moja.

Fundi Zege utalipenda hili: kabla ya Clarke kubomolewa, mwaka 2007 ghorofa yake ya 15 iligeuzwa hoteli kwa wiki chache. Msanii Seamus Nolan na wakazi walichukua makabati na viti vilivyoachwa kwenye fleti tupu, wakavikata na kuunda vitanda na meza. Watu waliokuwa hawawezi kukanyaga Ballymun hata kwa kulipwa wakagombania vyumba ili waone lile jua la asubuhi ambalo wapangaji walikuwa wanaliona kila siku.

#12 Fundi Zege

Nimelipenda kweli. Na ile nyumba ya boila?

#13 Kinondoni Asili

Hiyo ndiyo iliyobaki, Fundi. Tangu 2017 ni makao ya Rediscovery Centre, kituo cha kufufua vitu: samani mbovu, baiskeli, rangi zilizobaki kwenye makopo, nguo. Niliinunua meza yangu ya kulia pale. Jengo lililokuwa linapeleka joto kwenye fleti zote sasa linafundisha watoto wa shule kurekebisha kilichovunjika.

Pia kuna axis, ukumbi wa sanaa uliofunguliwa 2001, una jukwaa, studio, chumba cha watoto wachanga, na mkahawa ambao nusu ya vikao vya mtaa hufanyika. Wanamuziki hawajawahi kupungua hapa. Glen Hansard aliyechukua tuzo ya Oscar 2008 ni wa Ballymun, alianza kupiga gitaa barabarani mjini akiwa na miaka 13.

Na mpira. Ballymun Kickhams ni klabu ya mpira wa Kigaeli, na wachezaji wa mchezo huu hawalipwi. Jumatatu wote wapo makazini. Machi 2013 walifika fainali ya klabu za Ireland nzima pale Croke Park, wakafungwa na St Brigid's wa Roscommon kwa pointi moja. Pointi moja, wakuu. Nimekutana na watu wanaosimulia dakika zile za mwisho kama msiba wa jana. Mwaka 2023 nahodha wa Dublin aliyebeba kombe la taifa alikuwa James McCarthy wa Kickhams, ikawa medali yake ya tisa. Asubuhi moja nilikuta bendera za buluu za Dublin kwenye nyumba za Wairishi, Wanaijeria, Wakongo na Wapolandi kwa mstari mmoja.

Lakini sitaki kuwapaka mafuta. Maduka ya zamani yalibomolewa na uwanja wake umekaa mtupu miaka. Treni ya chini ya ardhi ilitangazwa 2005 kwamba itapita hapa, ikasimamishwa 2011, ikarudi kwenye makaratasi kwa jina jipya. Barabara kuu ilipangwa ikiisubiri. Mtaa ulioambiwa 1966 kwamba maduka yanakuja, hadi sasa bado unaambiwa yanakuja. Dawa zipo, tena sasa ni kokeini ya kuvuta. Katikati ya nyumba mpya nzuri kuna mama anayelipa deni la mwanawe kwa watu wanaokuja mlangoni. Hilo nalijua kwa sababu naingia majumbani.

#14 Mwana wa Ng'ambo

Bibi yako angepewa nafasi ya kuchagua, angerudi kule juu?

#15 Kinondoni Asili

Nilimwuliza leo kwa ajili yako. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia. Akasema nyumba hii ina bustani na haina ngazi, asingeweza kuiacha. Kisha akasema kule juu usiku alikuwa anaona taa za madirisha ya wenzake, na alijua nani yuko macho na mgonjwa, nani mumewe hajarudi. Hapa kila mtu ana pazia na ukuta.

Halafu akanituma. Kulikuwa na mpango wa msanii wa Kijerumani, Jochen Gerz, wakati wa ujenzi mpya. Mkazi anachangia mti, anachagua aina, na anaulizwa mti huu ungeweza kusema, ungesema nini kwa niaba yako. Jibu linaandikwa kwenye kibao pembeni ya mti. Bibi alitoa mti na hajawahi kuniambia aliandika nini. Leo amesema nikausome.

Nimetoka huko sasa hivi, bado nina matope viatuni. Kibao kilikuwa kimefunikwa na majani mabichi ya mvua, nimeyaondoa kwa mkono. Kilichoandikwa ni chake, sitakiweka humu. Mti wenyewe umeshapita paa za nyumba zote mbili zilizo jirani yake.

#16 Mzee wa Kijiweni

Mpe salamu zetu.

#17 Kinondoni Asili

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kwake. Nitamsomea majina yenu yote.